Miwani ya Usaili

Jumatano, 15 Januari

Barua imefika! Imefika kwenye simu ya Mama, na Mama alikuwa kiwandani akipima unga wa mikate, kwa hiyo imekaa mfukoni mwa aproni yake tangu alfajiri bila mtu kujua. Nimeisoma mara tano. Chuo kikuu cha ng'ambo, kile chenye mnara kwenye picha, kimenichagua kwa usaili.

Niliomba vyuo sita. Viwili vimeshasema hapana, kwa adabu kubwa. Vitatu hata vikisema ndiyo, ada yake hatuiwezi. Hiki ndicho pekee kinachomfadhili mwanafunzi kwa kila kitu, hadi tiketi ya ndege. Yaani ni hiki au ni kubaki.

Usaili utafanywa na mtu aliyewahi kusoma pale, ambaye sasa anaishi mji huu huu. Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, ofisini kwake. Jina na anwani vimeandikwa. Ni daktari wa macho! Lile jengo la ghorofa tatu mkabala na posta.

Bibi ameuliza daktari wa macho atajuaje kama naiweza fizikia. Nimemweleza kwamba haulizi fizikia, anataka tu kujua mimi ni mtu wa namna gani. Bibi amesema kumbe! Si wangempigia yeye, angewamalizia kazi kwa dakika moja.

Nimefikiri sana. Mwalimu wetu wa Fizikia hutukataza kukisia kitu kinachoweza kupimwa. Daktari huyu anaweza kupimwa. Ana mlango, ana kiti cha wagonjwa, na mimi nina macho mawili. Hayana kasoro hata chembe, lakini hilo yeye halijui.

Alhamisi, 16 Januari

Nimekwenda baada ya shule, sweta ya Mama juu ya sare. Kwa mpokezi nimetoa jina la binamu yangu, maana langu daktari analo tayari kwenye orodha ya usaili. (Hilo nililiona mapema. Nimejisifu kimoyomoyo.) Nimesema shida yangu ni ukungu. Mpokezi akauliza jicho gani. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema yanapokezana.

Daktari ni mwanamke wa makamo, mfupi, hana haraka. Ana kalamu nyuma ya sikio na alikuwa akiitafuta mezani. Ukutani kuna picha kubwa ya baiskeli iliyoegemezwa kwenye uzio, theluji kila mahali. Nimeandika kiganjani: BAISKELI.

Kisha ubao wa herufi. Niliuona wote, hadi mstari wa mwisho. Lakini makosa yangu nilikuwa nimeshayapanga. Mtu anayekosea ovyo hukamatwa. Mimi niliikosea kila herufi kwa dada yake: O nikaiita C, F nikaiita P, na kadhalika. Sayansi!

Daktari akanivalisha fremu nzito ya chuma, akawa anatia lenzi na kuitoa, kwa mlio kama wa vijiko kabatini. Akauliza na hii je. Bado. Na hii? Bado. Mwishowe akatia mbili kwa mpigo, moja juu ya nyingine. Nikamwonea huruma, alikuwa amehangaika mno. Nikasema hapo sasa! Naona kama mchana! Nikasoma hadi chini bila kukwama. Akasema vizuri sana, akaandika kwa muda mrefu.

Nimemuuliza maswali kumi na moja. Ya kwanza mawili yalikuwa ya upelelezi. Yaliyobaki, ukweli ni kwamba nilitaka tu kujua. Kwa nini lenzi nyingine zina tumbo na nyingine zimebonyea? Mwanga ukishapinda ndani ya kioo, nani anaunyoosha? Akanichorea njia ya mwanga nyuma ya kadi ya miadi. Nikasahau kabisa kilichonileta.

Akasema kwa kuwa mimi bado mwanafunzi, hatanipa miwani bila mtu mzima. Nije naye Jumamosi.

Mtu mzima! Mama hawezi uongo, hata wa umri wake. Amebaki Bibi.

Ijumaa, 17 Januari

Pigo. Kamusi naye ameitwa kwa usaili! Kamusi ni jirani yangu wa dawati. Tunamwita hivyo kwa sababu hawezi kusikia kosa la mtu akalinyamazia. Chuo kile kile, daktari yule yule, siku ile ile, saa tatu. Yaani atanitangulia kwa saa nzima. Majibu yote mazuri yatakuwa yameshatumika.

Aliniuliza najiandaa vipi. Nikasema sijiandai kabisa, nitakwenda kama nilivyo. Akasema na yeye vivyo hivyo. Nikamtazama usoni. Hata kope haikucheza. Sikujua kwamba ana kipaji cha uongo kiasi hiki.

Jumamosi, 18 Januari

Asubuhi nzima nimembembeleza Bibi. Anashikilia kwamba macho yake ni mazima. Nikamkumbusha kwamba juzi alimkaribisha chai msoma mita za maji akidhani ni mjomba, na akamlaumu kwa kutomtembelea. Bibi akasema mgeni ni mgeni.

Mwishowe akakubali, kwa sharti moja. Kama ataulizwa herufi, lazima ajue mapema zipi zipo. Hataki kuaibishwa na msichana mdogo. (Daktari ana mvi.) Basi tukapanda ngazi za kliniki nikimkaririsha ubao mstari kwa mstari. Bibi ana kichwa! Alizishika zote kabla hatujafika ghorofa ya pili.

Mambo yalikwenda hivi. Nilimwambia daktari kwamba bibi yangu naye angependa kupimwa. Bibi akakaa kitini kama bibi harusi, akatiririka: mstari wa kwanza, wa pili, wa tano, wa nane, bila kupumua. Daktari akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwa upole kwamba leo ametundika ubao mwingine, na kwamba kwa sasa umegeuzwa ukutani.

Bibi akajitia hamnazo. Akasema alikuwa anausoma wa juzi.

Baadaye akapimwa kweli, na kweli anahitaji miwani, na nzito. Daktari alitutazama sisi wawili kwa zamu, akasema katika familia yetu mmoja anaona kisichokuwepo na mwingine haoni kilichopo. Nadhani ni lugha ya kitabibu.

Hatari moja tu. Bibi alimwaga mtama. Alimwambia daktari kwamba mjukuu wake huyu anakwenda ng'ambo, kwamba Jumamosi atahojiwa na mtu mkubwa sana, pengine profesa. Nikakohoa. Akaendelea. Nikakohoa zaidi. Daktari akaniuliza kama na kifua pia kina ukungu.

Sidhani kama ameunganisha. Alinipa miwani papo hapo, ya majaribio, bila masharti ila moja: niivae muda wote hadi Jumamosi nitakapo... kisha akanyamaza, akasema hadi Jumamosi.

Jumanne, 21 Januari

Siku ya nne ndani ya miwani. Kichwa kinazunguka. Sakafu naiona mbali. Nimegonga mlango wa maktaba mara mbili. Lenzi hizi zina nguvu ya kutisha, na macho mazima kama yangu yanaumia bure. Lakini ndiyo gharama ya elimu.

Mama ameuliza ni nini hicho usoni. Nimesema daktari ameniandikia. Mama akasema mimi ndiye niliyemwona sisimizi kwenye bakuli la sukari nikiwa mlangoni. Tena nilimtaja jinsia. Nikasema macho hubadilika. Akanitazama kwa muda ule ambao huwa nauogopa, akaenda zamu yake.

Jioni nimejifunza baiskeli uani kwa kiwanda cha mikate. Haiwezekani nizungumze na mpenda baiskeli kama mtu asiyewahi kuipanda. Walinipa ya kusambazia mikate, ina kreti mbele. Nimekwenda hatua kumi na nne! Ya kumi na tano nikaingia kwenye mikate ya kesho. Msimamizi wa zamu amemwambia Mama kwamba ana binti mwenye bidii. Alivyolitamka neno bidii, halikuwa sifa.

Alhamisi, 23 Januari

Nimegundua jambo la kutisha. Limenijia katikati ya kipindi cha Historia, nikapiga kelele.

Keshokutwa nitaingia kwa daktari kwa jina langu. Yeye uso huu anaujua kwa jina la binamu yangu. Na miwani. Na Bibi. Nimepanga kila kitu isipokuwa kwamba mtu ninayempeleleza atakuwepo!

Nilipofika nyumbani nimemweleza Bibi. Hakushtuka. Amesema ni rahisi, niseme nina pacha. Nimesema atauliza pacha yuko wapi. Bibi amesema mwambie yuko nyumbani anaumwa macho.

Sikuwa na lingine. Nimeandika maisha ya pacha wangu kwenye daftari, kurasa mbili. Yeye ni mkimya na hapendi Fizikia.

Pigo la pili limeletwa na Kamusi, wakati tunarudi. Ameniambia kwamba usaili si mgumu, ni mazungumzo tu, dakika arobaini, na daktari hupenda mtu aeleze kitu kinachomsumbua akili. Nikamuuliza kwa hasira amejuaje. Akashangaa. Akasema amempigia simu daktari akamuuliza. Barua si imesema? Mstari wa mwisho: mwombaji anaweza kumpigia msaili akiwa na swali lolote kabla ya siku yenyewe.

Nimeisoma barua mara ya sita. Mstari upo. Herufi zake ni ndogo, lakini hiyo si sababu kwa mtu aliyemwona sisimizi.

Kwa hiyo Kamusi hakuwa anadanganya. Hilo limeniudhi zaidi.

Jumamosi, 25 Januari

Yamekwisha. Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Nilimkuta Kamusi akishuka ngazi, anatabasamu, akanitakia heri, akaniambia tai yangu iko upande. Nikaingia. Daktari alinikaribisha kwa jina la binamu yangu. Kisha akanikaribisha kwa jina langu. Kisha akauliza kati yetu ni nani atakayejibu maswali leo.

Nilifungua mdomo nimlete pacha. Pacha akakataa kuja. Nikasema ni mimi.

Akaniomba nivue miwani, niishike kwenye mwanga wa dirisha, nimweleze naona nini. Sikuona kitu. Haikukuza, haikupunguza. Ni kioo kitupu! Cha dirishani! Siku saba nimegonga milango kwa sababu ya kioo cha dirishani!

Halafu akazitoa zile lenzi mbili za Alhamisi. Moja hutawanya mwanga, ya pili huukusanya kwa kiasi kile kile. Ukizipandanisha ni kama hujatia kitu. Na hapo ndipo mimi niliposema naona kama mchana. Mimi! Niliyeongoza darasa kwenye mada ya mwanga! Nilitamani sakafu ifunguke niangukie kwa wakili wa ghorofa ya chini.

Ilikuwa imekwisha, kwa hiyo woga ukanitoka. Nikamuuliza kama kila anayedanganya hupimwa hivyo. Akasema wengi, hasa watoto wanaotaka miwani kama ya rafiki zao, nao hukamatwa wakifika herufi ya tatu. Mimi nilimfikisha mstari wa saba. Akataka kujua nilizichaguaje herufi za kukosea. Nikamchorea jedwali langu lote la herufi na dada zao. Akasema K haifanani na H ikiwa na ukungu. Nikasema inafanana. Akatoa lenzi ya kutia ukungu, tukajaribu. Inafanana! Kidogo. Mpokezi aligonga mlango mara mbili akaondoka.

Aliniuliza kwa nini nataka kwenda mbali hivyo kusoma. Nilikuwa na jibu la kukariri, lenye neno maendeleo mara nne. Sikulitoa. Nilisema kitabu cha Fizikia cha shule yetu kimekosa kurasa za mwisho, zilichanika kabla sijazaliwa, na kinaishia katikati ya sentensi inayosema "lakini jambo la ajabu kuhusu mwanga ni". Miaka mitatu sasa nataka kujua ni nini. Mwalimu ananiambia yake, kitabu kingine kinasema yake, na kila jibu linaishia mahali pengine. Nataka kwenda mahali ambapo wanajua sentensi inaishaje, au angalau wanajua kwamba hawajui.

Nikaona nimalize vizuri, nikasema pia napenda sana baiskeli. Daktari akageuka akaitazama ile picha. Akasema fremu aliinunua sokoni, na picha ilikuja nayo. Hajawahi kupanda baiskeli.

Pale mlangoni akasema jambo moja zito. Chuo kinamtaka aandike alichokiona, na ataandika chote. Jina la uongo, ukungu, ubao wa Bibi. Nikamwomba aandike baadhi tu. Akasema hapana, mama. Chote.

Nimeteremka ngazi nikihesabu. Ni thelathini na nane. Sijui kwa nini nimehesabu.

Jumamosi, 1 Februari

Bibi amefuata miwani yake. Anaona kila kitu, na hakuna kinachomfurahisha. Amegundua ufa kwenye dari, doa kwenye pazia, na kwamba mjomba amezeeka.

Nilimtuma achunguze habari za ripoti. Daktari amemwambia ameshaituma, ukurasa mmoja na nusu. Bibi akamuuliza imesemaje. Daktari akasema ni siri. Nakala ilikuwa mezani, basi Bibi akaijaribia miwani mpya, karatasi ikiwa juu chini. Lugha haijui, lakini ameniletea matokeo: mistari imebanana, hakuna alama ya mshangao hata moja, na mahali fulani kuna neno refu lililopigiwa mstari.

Nimeuliza refu kiasi gani. Bibi amepima kwa vidole. Nimepima maneno yote mabaya ninayoyajua kwa lugha ile. Mengi yanatosha hapo.

Mama amejua yote. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kazini kwake, unga ukipimwa vibaya, mkate husema wenyewe. Sijala vizuri tangu hapo.

Ijumaa, 28 Machi

Nimekubaliwa!

Nimekubaliwa! Nimekubaliwa! Ufadhili kamili, hadi tiketi!

Nimesomea barua kwenye chumba cha kompyuta cha shule, Kamusi kompyuta ya pili. Naye amekubaliwa. Akanikumbatia kabla sijaamua kama nimemsamehe. Kisha akaniambia nalia kwenye kibodi ya shule.

Chini ya barua yangu kuna maneno ya ziada kutoka kwa kamati. Wanasema wameisoma ripoti ya msaili kwa sauti, kikao kizima, mara mbili. Wanasema nilipoulizwa nilieleza bila kuficha, na wanatumaini udadisi wangu utapata maabara ya kutosha ili usihitaji tena kliniki za watu. Neno hilo, wanasema, msaili alilipigia mstari: kumbe lile refu la Bibi lilikuwa udadisi!

Mama alikuwa na unga hadi kwenye nyusi nilipomsomea kiwandani. Akakaa juu ya gunia. Akasema nisome tena, polepole. Mashine ya kukandia ikazimwa ili wote wasikie, na msimamizi wa zamu akatangaza kwamba yeye alijua tangu ile siku ya baiskeli.

Nimefanya tathmini kama tulivyofundishwa. Kamusi alikwenda kama alivyo, ripoti yake haikusomwa hata mara moja kwa sauti. Yangu imesomwa mara mbili. Hitimisho: mpango ulifanya kazi.

Jumapili, 30 Machi

Fomu ya chumba cha bweni imekuja. Maswali kumi na manne. Unalala saa ngapi, unapenda dirisha wazi, unakoroma? Juu wameandika kwamba huu si mtihani, hakuna jibu sahihi wala baya, tujibu kwa ukweli ili tupangwe na mtu tutakayepatana naye.

Wanatuona watoto! Kamusi ameijaza kwa dakika sita. Ameandika kwamba anakoroma. Nimemhurumia.

Mimi nimetafuta kwanza nani anaisoma. Anayepanga vyumba ni mama mmoja mnene mwenye uso wa huruma, picha yake iko kwenye tovuti ya chuo. Nyuma yake kuna rafu, na kwenye rafu kuna picha nne. Zote ni za paka. Paka yule yule!

Penye nafasi ya maelezo mengine nimeandika kwamba nimekua na paka tangu utotoni na sijui nitaishije bila yeye. Bibi ameipitia fomu. Amesema paka mmoja unasikika uongo, niandike wawili, na mmoja awe kilema. Nimefanya hivyo. Nimeituma.

Imebaki tahadhari moja. Akiniuliza habari za paka nitasema nini, nami sijawahi hata kumshika mmoja? Fundi viatu wa nyumba ya pili amekubali kuniazima wake hadi Jumatano. Yuko mapajani mwangu ninapoandika. Ana joto. Ananguruma kwa ndani, na nataka sana kujua sauti ile inatoka wapi hasa.

Nimepiga chafya kumi na tisa. Jicho la kulia limevimba, la kushoto linafuata. Ni vumbi la viatu tu.